Kopo lipi kwa paka mwenye kisukari?

Tangu tulipoeleza katika ukurasa huu dalili za kisukari kwa paka, yaani kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mno na kukonda ilhali mnyama anakula vizuri, barua nyingi zilizotufikia zimehusu chakula. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake alijitahidi kunakili maandishi ya kwenye makopo, na hesabu zake zitawafaa wengine.

SWALI: Daktari, shikamoo. Paka wangu ni dume aliyehasiwa, ana umri wa miaka 11 na uzito wa kilo 6.4. Maisha yake yote amekula chakula kikavu cha mfuko, na bakuli lake halikukaa tupu mchana wala usiku. Mwezi uliopita alipatikana na kisukari na sasa ninamchoma insulini mara mbili kwa siku. Daktari wake ameniagiza nimhamishie kwenye chakula cha makopo chenye wanga kidogo, lakini dukani sikuona kopo hata moja lililoandikwa kiasi cha wanga. Tena kopo moja limeandikwa protini asilimia 10, ilhali mfuko wake wa zamani umeandikwa asilimia 32. Je, mfuko si ndio wenye nyama zaidi? Nimekunakilia maandishi ya bidhaa tatu unisaidie kuchagua. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nianze na hiyo asilimia 32, kwa maana ndiyo inayowapotosha watu wengi, wakiwamo wenye maduka wanaoziuza bidhaa hizo. Kopo ulilonakili lina maji asilimia 78, na mfuko una asilimia 8 tu. Asilimia zote zilizoandikwa zimepigiwa hesabu pamoja na maji hayo, kwa hiyo kuzilinganisha zilivyo ni sawa na kulinganisha bakuli la supu na kipande cha nyama kavu. Ondoa maji kwanza. Katika gramu 100 za kopo hubaki gramu 22 za chakula chenyewe, na gramu 10 kati yake ni protini, yaani kama asilimia 45. Katika gramu 100 za mfuko hubaki gramu 92, na zile gramu 32 za protini ni kama asilimia 35. Kopo lako ndilo lenye protini nyingi, na wala halikaribiwi.

Sasa tuje kwenye wanga, ambao mara nyingi hauandikwi kabisa. Kinachoandikwa ni protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na maji, na wanga ndio kinachosalia baada ya hivyo vyote. Majivu yasikutie shaka: ni jina tu la madini yote yaliyomo, kama vile chokaa na fosforasi, ambayo hubaki chakula kikichomwa katika maabara. Basi chukua 100, utoe vitu hivyo vitano kimoja kimoja. Kopo lako la kwanza, lile la nyama iliyosagwa laini ikashikana kama keki, lina protini 10, mafuta 6, nyuzinyuzi 1, majivu 2.5 na maji 78. Jumla ni 97.5, kwa hiyo wanga ni gramu 2.5 katika kila gramu 100. Kopo la pili, la vipande vya nyama katika mchuzi, lina protini 8.5, mafuta 4, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2 na maji 80. Wanga wake ni gramu 5. Mfuko, wenye protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 7.5 na maji 8, una gramu 37.5.

Usiishie hapo, kwa sababu paka hashibi kwa gramu. Anashiba kwa nguvu anayoipata katika chakula, na makopo hutofautiana sana kwa wingi wa mafuta. Kwa chakula cha paka tunahesabu kilokalori 3.5 kwa kila gramu ya protini, 3.5 kwa kila gramu ya wanga, na 8.5 kwa kila gramu ya mafuta. Kopo la kwanza linatoa kilokalori 35 za protini, 51 za mafuta na 8.75 za wanga, jumla karibu 95. Gawanya 8.75 kwa 95, utapata kwamba wanga unachangia asilimia 9 hivi ya nguvu yote. Ukifanya hivyo kwa kopo la mchuzi utapata kama asilimia 21.5, na kwa mfuko asilimia 38. Mwongozo wa kisukari uliotolewa mwaka 2018 na chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, AAHA, unashauri kwamba wanga katika chakula cha paka mwenye kisukari usizidi asilimia 12 hivi ya nguvu. Kopo lako la kwanza limo ndani ya mpaka huo, la pili limeuvuka karibu maradufu, na mfuko umeuvuka zaidi ya mara tatu.

Ili ujue maana ya tofauti hiyo mwilini mwa mnyama wako, chukua paka anayehitaji kilokalori 200 kwa siku. Akizipata katika kopo la kwanza atakuwa amekula gramu 5 hivi za wanga, katika kopo la mchuzi gramu 12, na katika mfuko karibu gramu 22. Insulini unayomchoma inapambana na gramu hizo siku baada ya siku.

Kuna mitego miwili katika hesabu hii. Wa kwanza ni majivu. Makopo mengi yanayotoka Marekani hayayaandiki, ilhali yale ya Ulaya huyaandika. Msomaji akiyasahau, majivu yote huhesabiwa kuwa wanga. Kopo lako zuri la asilimia 9 lingeonekana kuwa na karibu asilimia 17, nawe ungelirudisha rafuni bila kosa lake. Pasipoandikwa majivu katika chakula cha kopo, weka 2.5 kwa makadirio. Mtego wa pili ni kwamba maandishi ya Kimarekani hutaja kiwango cha chini kabisa cha protini na mafuta, na cha juu kabisa cha nyuzinyuzi na maji, kwa hiyo jibu lako litakuwa la kukadiria tu. Kopo lililotoka asilimia 11 na lililotoka asilimia 13 yahesabu kuwa sawa. Kama unataka uhakika, mwandikie mtengenezaji umwombe gramu za wanga kwa kila kilokalori 100. Jibu lisilozidi 3.5 linafaa.

Siku usiyokuwa na kalamu dukani, tazama umbo la chakula. Nyama iliyosagwa na kushikana kwa kawaida huhitaji wanga kidogo. Mchuzi mzito hauzitoki wenyewe; huzitishwa kwa unga wa ngano au kwa wanga wa mahindi, wa viazi au wa muhogo, na katika baadhi ya makopo utakuta pia neno la sukari, ambayo huwekwa kidogo ili kuupa mchuzi rangi nzuri ya kahawia inayompendeza anunuaye. Paka mwenyewe hana haja nayo. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kilichoko Philadelphia walionyesha kwamba mojawapo ya jeni zinazohitajika ili ulimi uonje utamu imeharibika kwa paka, na kwa hiyo sukari kwake haina ladha ya sukari. Gluteni ya ngano, ambayo wengi huikimbia wakiiona kwenye orodha, ni protini na haiongezi wanga wa kutajika. Mimi nisingeisifu kuliko nyama, lakini sitamkataza mtu kopo kwa sababu yake peke yake.

Kwa nini tunamtenga paka na wanga kwa ukali kuliko tunavyomtenga mbwa? Paka aliumbwa kuishi kwa nyama. Watafiti waliokadiria mlo wa paka wanaojiwindia wenyewe walikuta kwamba takriban asilimia 52 ya nguvu yao hutokana na protini, 46 na mafuta, na 2 tu na wanga. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuanza kumeng'enya wanga, na ini lake limezoea kutengeneza sukari kutokana na protini saa zote, liwe limepata chakula au halijapata, huku likiwa na uwezo mdogo wa kuiondoa kwa haraka sukari nyingi inayoingia kwa mkupuo. Paka dume aliyehasiwa, mzee na mnene kama wako, anayeshinda ndani, yuko katika kundi lenye hatari kubwa ya kisukari, kwa sababu unene hupunguza usikivu wa mwili kwa insulini na kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini hiyo, huchoka kujaribu kufidia.

Habari njema ni kwamba kisukari cha paka kinaweza kutulia hadi mnyama akaishi bila sindano. Mwaka 2006 Nicole Bennett na wenzake walichapisha utafiti wa paka 63 wenye kisukari, wote wakila chakula cha makopo: kundi moja lilipewa chenye wanga kidogo na nyuzinyuzi chache, jingine lilipewa chenye wanga wa wastani na nyuzinyuzi nyingi. Baada ya wiki 16, asilimia 68 ya kundi la kwanza hawakuhitaji tena insulini, wakati katika kundi la pili walikuwa asilimia 41. Wako ndiyo kwanza amegunduliwa, nami nina matumaini naye.

Lakini nakuomba, dada yangu, usifungue hilo kopo kabla hujazungumza na daktari wake kuhusu kipimo cha insulini. Hapa ndipo ninapowaona watu wema wakiwadhuru paka wao kwa pupa ya kuwatendea mema. Kipimo anachochomwa sasa kilipangwa kwa ajili ya paka anayekula wanga wa mfukoni. Ukiuondoa wanga na kukiacha kipimo vilevile, sukari yake inaweza kushuka ndani ya siku chache hadi akafa. Daktari anaweza kuamua kukipunguza kabla ya siku ya kwanza ya kopo, na atataka sukari ipimwe mara kwa mara katika siku za mabadiliko. Unaweza kujifunza kupima nyumbani kwa tone la damu kutoka ukingoni mwa sikio. Paka wengi huvumilia kuliko tunavyodhani. Ukitumia mashine ya binadamu, mjulishe daktari, kwa kuwa kwa damu ya paka mashine hizo mara nyingi husoma chini kidogo ya hali halisi. Ukimwona analegea, anayumba, anakodoa macho kama haoni, anatetemeka au ameshikwa na degedege, mpake asali kwenye fizi, usimmiminie kitu kooni kama hana fahamu, kisha umkimbize hospitali. Hata akizinduka, mpeleke.

Kuhusu kiasi, mlenge uzito anaotakiwa kuwa nao, ambao daktari atakutajia. Tuseme ni kilo 4.5, kilokalori 200 kwa siku ni mahali pazuri pa kuanzia, na kwa makopo madogo ya gramu 85 ya aina ile ya kwanza hiyo ni mawili na nusu. Mpime kila wiki. Kupungua kwa asilimia 0.5 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki kunatosha, na akishuka kwa kasi zaidi ya hapo usimpongeze, mrudishe kwa daktari.

SWALI: Daktari, makopo ya paka hapa kwetu ni ghali na mshahara wangu haufiki huko. Paka wangu mwenye kisukari nimekuwa nikimpa ugali na omena. Nikiacha ugali nikampa omena peke yake, au dagaa wa kopo wa dukani tunaokula sisi, si nitakuwa nimeondoa wanga wote? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Kuacha ugali umefanya vyema, ndugu yangu. Ugali karibu wote ni wanga, na kwa paka huyu ulikuwa unazidisha maradhi kila jioni. Omena peke yake kweli haina wanga wa kutajika. Tatizo ni kwamba nyama ya samaki haitoshi kuwa mlo, na paka mwenye kisukari tayari amepungukiwa. Tusimwongezee upungufu mwingine.

Historia ya taurini inaeleza jambo hili kuliko onyo langu. Taurini ni kirutubisho kilichomo katika nyama, hasa moyo na misuli inayofanya kazi sana, na paka hawezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka na kudhoofika walikuwa wamepungukiwa taurini, na kwamba walipoongezewa, mioyo yao ilirudia nguvu. Wengi wa paka hao walikuwa wakila vyakula vya kununua vilivyodhaniwa kuwa vimekamilika. Watengenezaji wakaongeza kiasi cha taurini, na hadi leo viwango vya Marekani vinataka chakula cha kopo kiwe nayo maradufu ya kile kikavu. Kama vyakula vya viwandani viliweza kukosea, mlo tunaoukisia jikoni unaweza kukosea zaidi.

Samaki peke yake kwa muda mrefu humpunguzia paka vitamini E hadi mafuta yaliyo chini ya ngozi yakavimba na kumuuma, na samaki kadhaa wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, kwa hiyo chemsha omena wako vizuri, umwage maji ya chumvi na mchanga, umpe kama kitoweo tu. Dagaa wa kopo wa nyanya waache kabisa: wana chumvi, mchuzi wao huwa na wanga au sukari, na mara nyingi wana kitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa au vimesagwa kuwa unga.

Angalizo moja la dukani. Hata miongoni mwa makopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, yako yaliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba ni chakula kamili na yako yaliyoandikwa kwamba ni cha nyongeza. Yale mazuri kwa macho, yenye minofu mitupu ya jodari au kuku katika maji yake, mara nyingi ni ya nyongeza. Ukiyapigia hesabu ya wanga utapata karibu sifuri na utafurahi, lakini hayajawekewa taurini, chokaa wala vitamini za kumtosha mnyama anayekula hayo tu. Vitu vya nyongeza, pamoja na omena wako, visizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoila kwa siku.

Kuhusu gharama, tafuta kopo kubwa la gramu 400 la chakula kamili cha nyama iliyosagwa, ambalo kwa gramu huwa nafuu kuliko madogo, ulipigie hesabu niliyomweleza msomaji wa Tanga, kisha uligawe mara moja katika vibakuli vyenye kifuniko. Hifadhi kinachotosha siku mbili kwenye jokofu na kilichobaki ukigandishe. Kusoma orodha ya viambato ni muhimu zaidi kwa makopo haya makubwa ya bei ya chini, kwa sababu nafaka huingizwa humo ili kupunguza gharama. Kama hata hilo litakushinda, mwambie daktari wako waziwazi ili akupangie mlo wa kuku, moyo, ini kidogo na virutubisho vya kuchanganya kwa vipimo. Inawezekana, ila uandikwe na mtu anayejua, nawe usibadilishe kipimo.

SWALI: Kopo limeandikwa kwamba halina nafaka. Je, hilo linatosha kuwa ushahidi wa wanga kidogo? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Halitoshi. Nafaka ni mahindi, ngano, mchele na jamaa zake. Viazi, njegere, dengu na muhogo si nafaka, navyo vimejaa wanga. Kopo lililoondolewa mchele likawekwa wanga wa muhogo linastahili kabisa kuandikwa hivyo na bado likampandishia paka sukari. Toa kwenye 100 kama kawaida.

SWALI: Assalaam alaykum. Paka wetu ana miaka 14, ana kisukari na sasa vipimo vimeonyesha figo zimeanza kuchoka. Hapa Muscat vyakula vyote vinapatikana, shida ni kuchagua: kopo la kisukari limejaa protini, na kopo la figo nimelipigia hesabu nikakuta wanga wake unazidi asilimia 20. Nifuate lipi? (Msomaji, Oman)

JIBU: Waalaykum salaam. Hesabu yako ni sahihi na wasiwasi wako una msingi. Chakula cha figo hupunguziwa protini kiasi na fosforasi kwa nguvu zaidi, na pengo hilo hujazwa kwa mafuta na wanga. Uamuzi hutegemea figo zimefikia hatua gani, na hilo hujulikana kwa damu, mkojo na shinikizo la damu. Zikiwa katika hatua za mwanzo, madaktari wengi, nami nikiwamo, huendelea na kopo la wanga kidogo lakini huchagua lile lenye fosforasi ndogo, na fosforasi ya damu ikipanda huongeza dawa ya kuchanganya na chakula inayoizuia kufyonzwa tumboni. Zikiwa zimeharibika sana, figo hutangulia: paka hupewa chakula chake cha figo na insulini hupangwa upya kulingana na wanga uliomo. Paka anaweza kuishi vizuri kwa mpango huo wa pili, kwa hiyo usihisi kwamba umemkosea.

Fosforasi mara nyingi haiandikwi kwenye kopo, na hii ndiyo sababu nyingine ya kumwandikia mtengenezaji. Omba miligramu kwa kila kilokalori 100, ili uweze kulinganisha kopo na kopo. Vyovyote itakavyokuwa, abaki kwenye chakula chenye maji. Kisukari na figo vyote viwili humfanya akojoe sana, na katika joto la Muscat kila tone analopata pamoja na chakula linamsaidia.

SWALI: Daktari, nimekubaliana nawe kuhusu makopo, lakini paka wangu hakubaliani. Amelelewa kwa chakula kikavu tangu akiwa mtoto, na nikimwekea cha kopo ananusa, anakifukiafukia kama kinyesi, anaondoka. Jana nilimnyima kikavu siku nzima nikidhani njaa itamshawishi. Nimekosea? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usirudie tena, tafadhali. Mbwa atasalimu amri kwa njaa, lakini paka, na hasa aliye mnene, akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini kwa wingi hadi ini likashindwa kufanya kazi. Kwa paka mwenye kisukari kuna hatari ya pili: mwili unaokosa chakula na insulini huanza kuvunja mafuta na kuzalisha kemikali ziitwazo ketoni, na damu huwa na asidi ya kuua. Na ya tatu ni kwamba ukimchoma kipimo kamili cha insulini ilhali tumbo ni tupu, sukari itaporomoka. Siku akikataa kula, mpigie daktari simu kabla ya kuchoma.

Ladha ya paka hujengeka utotoni, na wako anakiona cha kopo kuwa kitu kigeni, wala si ukaidi. Anza kwa kumwondolea bakuli la kudumu. Chakula kikavu akipate mara mbili au tatu kwa siku, kwa saa zilezile, kikae nusu saa kisha kiondolewe, mpaka azoee kungoja saa ya kula. Kisha weka kijiko kimoja cha chai cha chakula cha kopo kando ya chembe zake, bila kuvichanganya, na uvumilie hata akikipuuza kwa wiki nzima. Akizoea harufu, saga chembe kidogo ziwe unga, unyunyize juu ya kile cha kopo. Kila baada ya siku chache ongeza cha kopo na upunguze kikavu kwa kiasi hicho hicho cha nguvu, ukimjulisha daktari kila hatua, kwa kuwa insulini nayo itapaswa kushuka polepole.

Chakula kilichotoka kwenye jokofu hakina harufu, na paka hula kwa pua. Tia kibakuli ndani ya maji ya moto kwa dakika chache hadi chakula kifikie joto la mwili, ukikoroge ili kusiwe na sehemu ya kumuunguza. Tumia sahani pana badala ya bakuli lenye kina. Kwa hali ya hewa ya Dar, kisichokwisha ndani ya saa moja kitupwe, maana kikichacha atakichukia moja kwa moja na utalazimika kuanza upya kwa kopo la aina nyingine.

Wako watakaohama kwa wiki mbili, na wako watakaochukua miezi mitatu. Akikwama kabisa, uliza chakula kikavu cha kisukari cha madaktari, kama kile cha Purina au Royal Canin. Wanga wake huzidi wa kopo la namna hiyo hiyo, kwa kuwa chembe kavu hazishikani kiwandani bila wanga, lakini huwa chini ya ule wa mifuko ya kawaida, na paka anayekula hicho ni bora kuliko paka asiyekula. Kwa sasa, mrudishie chembe zake leo hii, na kama tangu jana hajala kitu, mpeleke akapimwe ketoni kabla ya usiku kuingia.